Bibi aliikana picha, nikashika adabu!

Wenzangu mnajirusha mjini, mimi niko zangu Peramiho, nje kidogo ya Songea, nafotoa harusi na vipaimara. Wiki hii nina kisa kilichonitoa jasho.

Mjomba aliachiwa kamera na Mjerumani mmoja aliyewahi kufanya kazi huku. (Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, hivyo Mjerumani kwetu si kioja.) Kamera yenyewe Leica M8, toleo la 2006. Usione ndogo! Ukichungulia kidirisha chake huoni kupitia lenzi. Unaona sura mbili za mtu zimepishana, unazungusha lenzi mpaka ziwe moja, ndipo unafyatua. Mchana bomba. Usiku ukumbini ni kasheshe, maana ukipandisha ISO ikapita 640 chenga zinaanza.

Basi harusi ya binamu, nikapachika flashi juu ya kamera, nikamlenga bibi usoni. Lo! Paji linang'aa kama sufuria jipya, kivuli cheusi kimemganda ukutani. Suti nyeusi ya bwana harusi nayo ikatoka zambarau! M8 inaona mionzi ya infraredi, na vitambaa vyeusi vya nailoni vinabadilika rangi. Dawa yake ni kichujio maalumu mbele ya lenzi. Hilo nimelijua baada ya kusemwa sana.

Bibi akaiangalia picha, akanirudishia. "Mjukuu wangu, huyu si mimi."

Iliniuma, jamani.

Nikauza magunia matano ya mahindi, nikaagiza Dar flashi ya Godox TT600 na kidude chake cha kurushia ishara. Kidude kinakaa juu ya kamera, flashi unaisimamisha pembeni, inawaka kwa redio bila waya. Wenye hela watakwambia Leica inataka flashi ya Leica. Wasikutishe! Kinachotoka kwenye kamera ni ishara moja kupitia kile kipini cha katikati, na hiyo inatosha. Unachokosa ni kamera kukupimia mwanga. Nguvu ya flashi unaiweka kwa mkono: unapiga, unatazama kioo, unapunguza. Mtu umeshazoea kulenga kwa mkono, hilo nalo likushinde? Ila shata isizidi 1/250 ya sekunde, la sivyo imekula kwako. Halafu ukiipeleka flashi mbali mara mbili, mwanga unabaki robo, si nusu. Hapo nilimaliza betri nne nikibishana na hesabu.

Jumapili moja jioni nikaenda kwa bibi. Nikamkalisha kwenye kigoda, flashi nikaigeuzia ukuta wa chokaa ubavuni kwake, hatua kama tatu hivi. Mwanga ukagonga ukuta, ukamrudia laini kama wa dirishani. Mikunjo yote ipo, macho yapo, hata kile kikovu chake cha utotoni.

Akakitazama kioo cha kamera muda mrefu.

"Hii sasa ndiyo mtakayoweka juu ya jeneza langu."

Nikajichekesha, huku koo limekauka. Nikamwambia, hiyo ingoje kwanza, bibi. Akasema Jumatatu asubuhi nipande gari niende kuisafisha Songea, tena kubwa, nisije nikaifuta.