Mashauri kwa Wanafunzi: Kitabu Kifungwe Kwanza, Ndipo Kalamu Ishikwe

Kila mwaka wako wazazi wauzao ng'ombe, na makarani wakatwao mishahara, ili mtoto apate kwenda chuo kikuu. Mara nyingi mtoto huyo alishinda mitihani ya shule kwa kukariri maelezo ya mwalimu wake. Naye afikapo chuoni huendelea vivyo hivyo, akidhani kwamba elimu ya juu ni kukariri zaidi. Baada ya miezi michache karatasi zake hurudishwa zikiwa na alama ndogo, hali alikesha na vitabu usiku kucha. Kosa lake si uvivu. Hakufundishwa namna ya kusoma kitabu cha wataalamu, wala namna ya kuandika juu ya yale aliyoyasoma.

Mkulima mwenye akili hapigi jembe siku ile ile anapolipata shamba. Kwanza hulizunguka, apate kujua mteremko uko wapi, maji ya mvua hupita wapi, na udongo mzuri ni upi. Vivyo hivyo yampasa mwanafunzi, kabla hajasoma ukurasa wa kwanza, atazame jina la mwandishi, mwaka kitabu kilipopigwa chapa, orodha ya sura, utangulizi na sura ya mwisho. Kisha ajiandikie maswali mawili matatu ambayo ataka kitabu kimjibu. Asomaye pasipo swali ni kama mtu aendaye sokoni asijue atanunua nini. Hurudi na kikapu kitupu, au kilichojaa vitu visivyomfaa.

Mwaka 1946 Francis Robinson, mwalimu wa chuo kikuu cha Ohio State huko Marekani, alitoa kitabu kilichoeleza hatua tano za kusoma: kupitia kitabu juu juu, kuuliza, kusoma, kujisimulia yaliyosomwa, na kuyarudia baadaye. Hatua inayorukwa na wengi ni ile ya nne. Humaliza sura moja wakaingia nyingine, na wakishindwa kukumbuka husoma tena tangu mwanzo. Yafaa mwanafunzi afikapo mwisho wa sura akifunge kitabu, kisha aandike kwa maneno yake mwenyewe: mwandishi asema nini, na kwa ushahidi gani? Akishindwa, ajue kwamba macho yake yamesoma lakini akili haijasoma.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa chuo kikuu cha Washington mjini St. Louis, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja lilisoma kwa vipindi vinne. Kundi jingine lilisoma kwa kipindi kimoja, na katika vipindi vitatu likaandika yale liliyoyakumbuka pasipo kutazama. Baada ya dakika tano, waliosoma tena na tena walikuwa mbele. Lakini baada ya juma moja walikumbuka kama sehemu 40 katika 100 tu, na wale waliojipima walikumbuka kama sehemu 61. Basi kurudia kusoma humdanganya mtu. Leo hujiona anajua, na siku ya mtihani hujikuta mikono mitupu.

Hata hivyo kukumbuka peke yake hakutoshi, maana vitabu havisemi neno moja. Chukuliwe mfano wa mwanafunzi aliyeulizwa hivi: "Je, watu wakiongezeka, ardhi haina budi kuharibika? Jadili kwa habari za Machakos." Akisoma taarifa za maofisa wa miaka ya 1930 tu, atakuta habari za vilima vilivyobaki vipara na udongo uliochukuliwa na maji, naye atajibu, "Naam." Akisoma tu kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki cha mwaka 1994, ataona kwamba kati ya miaka ya 1930 na mwaka 1990 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ulipungua, kwa kuwa wakulima walichimba matuta, yakiwamo yale yaitwayo "fanya juu", na kutunza miti. Hapo atajibu, "La."

Majibu yote mawili ni ya haraka. Msomaji wa kweli huuliza: Ni nani aliyeandika? Aliandika mwaka gani? Aliona au alihesabu nini? Tena ni nani aliyempinga? Akiuliza hivyo atagundua kwamba wataalamu wengine waliandika baadaye kuwa faida ile haikuwafikia wote sawasawa, na maskini wengine waliachwa nyuma. Sasa ana kitu cha kupima, na kupima ndiko kujadili.

Katika kazi hiyo hapana budi kuweka kumbukumbu safi. Karani yeyote ajua kwamba barua isiyo na tarehe wala nambari ya faili ni taabu kwa ofisi nzima. Kwa hiyo kila jambo linaloandikwa daftarini liandamane na jina la mwandishi, jina la kitabu, mwaka na ukurasa. Maneno yaliyonukuliwa jinsi yalivyo yatiwe ndani ya alama za kunukuu tangu siku ile ile, ili baada ya mwezi mmoja mwanafunzi asidhani kuwa ni yake. Maana kutoa maneno au mawazo ya mwingine kana kwamba ni yako huitwa wizi wa maandishi, na vyuo vikuu huuadhibu. Wako waliofukuzwa kwa ajili yake. Hukumu haibadiliki, yawe yametoka kitabuni, kwenye intaneti, au kwa rafiki.

Ndipo kalamu ishikwe. Mwanafunzi alisome swali mara mbili, kwa kuwa "eleza" si "linganisha", wala "linganisha" si "jadili". Aya ya kwanza itaje swali na jibu atakalolitetea. Kila aya ifuatayo ibebe hoja moja, pamoja na ushahidi wake na mahali ulikotoka. Hoja ya mpinzani isifichwe. Itajwe kwa haki, kisha ijibiwe. Mwisho useme yale yaliyothibitishwa tu. Karatasi ikiisha, ilazwe usiku mmoja, kisha isomwe kwa sauti. Sentensi imkwazayo mwandishi mwenyewe itamkwaza na mwalimu.

Mambo haya hayahitaji fedha, wala hayamngojei mtu aende chuoni. Mtoto aliye shuleni leo aweza kuyaanza jioni hii kwa ukurasa mmoja wa gazeti. Na mzazi, hata kama hakusoma sana, aweza kumsaidia: amwambie akifunge kitabu na kumweleza alichosoma. Mtoto akieleza hata mzazi akaelewa, ng'ombe yule hakuuzwa bure. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.