Samaki wa Baba, Mchuzi wa Mtoto

Amkeni, watu wa Bagamoyo! Nendeni soko la samaki pale ufukweni. Changu, kibua, dagaa, pweza, mnada unanguruma. Kisha pandeni Dunda, fikeni Kaole, muwatazame watoto wetu. Mtoto wa miaka mitano, umbo la miaka mitatu. Nasi bila haya tunasema, "Huyu kafuata ukoo wa mama yake."

Ukoo gani? Acheni uongo!

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Watatu katika kila kumi. Na usijifariji kwamba ni shida ya mavuno. Iringa wanakovuna mahindi ya kulisha na wengine, udumavu ulifika asilimia 57. Chakula kipo shambani, kipo sokoni, kwa mtoto hakifiki. Kinaishia wapi? Kwenye sinia, ndugu yangu. Nyumbani kwako, nyumbani kwangu.

Kipande kinono ni cha baba. Mtoto anadondoshewa mchuzi juu ya ugali. Mama mjamzito anachota maji, anachanja kuni, kule Mlingotini anainamia mwani bahari ikitoka, na tumbo lake la miezi minane. Akirudi anakula ukoko.

Kichanga hakijamaliza mwezi, bibi ameshakipa maji: "Koo linamkauka." Mwezi wa tatu, uji wa sembe na sukari, wakati miezi sita ya mwanzo ni ya maziwa ya mama peke yake. (Usinune, bibi. Nakuheshimu, ila maji yako yanamharisha.) Kabla mtoto hajasimama dede, mama ana mimba nyingine na ziwa limekatishwa.

Halafu analaumiwa mama! Mama asiyeishika hela ya samaki, asiye na ruhusa ya kuuza hata kuku! Baba yuko barazani anacheza bao. Mchango wa harusi, laki moja, anatoa kifua mbele. Ukimwomba ya mayai ya mwanawe, "Hakuna hela." Hakuna hela!

Samaki mkunje angali mbichi, tunapenda kusema. Ubichi wenyewe ni tangu mimba hadi miaka miwili, siku 1,000 tu. Zikishapita, hata umchinjie ng'ombe, kimo kilichopotea ni shida kukirudisha, na ubongo ulionyimwa chakula ulipokuwa ukijengeka nao umeumia. Anaingia darasa la kwanza, anaitwa mzito, anachapwa. Tunamchapa kwa njaa tuliyompa wenyewe!

Akiwa wa kike ndiyo balaa. Anakua mfupi, uchungu huenda ukamshinda, wakamzalisha kwa kisu, na kichanga chake huenda kikatoka na uzito pungufu, kimeshaachwa nyuma kabla ya kulia. Haya, mjukuu huyo naye utamsingizia ukoo wa nani?