Chonga Ana Jina. Huyu Adondoshaye Vidaka Je?

Magunia ya kahawa yateremkayo kutoka Nyeri na Kirinyaga hadi bandari ya Kilindini yametufanya sisi watu wa pwani tudhani kwamba wadudu waharibifu ni balaa la wakulima wa bara. Twasikia jinsi kidudu cheusi, kidogo kuliko punje ya mtama, kinavyolitoboa tunda la mbuni na kutaga mayai ndani yake, nasi twaendelea kunywa kahawa yetu chungu barazani pasi na wasiwasi. Ilhali huku kwetu Mjambere, na Kisauni kwa jumla, minazi inaliwa juu ya vichwa vyetu.

Wengi husema kwamba mnazi umemalizwa na nyumba za kupangisha. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Minazi michache iliyosalia viwanjani na katika vijishamba vya Kwale na Kilifi ina adui wa zamani, naye ni chonga. Dudu hili lenye pembe hupenya kileleni usiku likala makuti machanga yangali yamefumbata, hata yanapochanua huonekana yamekatwa pembetatu, mithili ya kitambaa kilichopitiwa na mkasi wa fundi. Likifika kwenye moyo wa mche, mche hufa. Msomaji ajuaye kitenzi kuchonga hahitaji kuelezwa kazi yake.

Sasa chonga huzaliwa wapi? Mabuu yake hukulia katika magogo ya minazi yanayooza, katika visiki na katika marundo ya samadi. Kwa hivyo kila mwenye kiwanja anayeangusha mnazi ili ajenge, kisha akaliacha gogo nyuma ya ukuta miaka miwili, anamfugia jirani yake chonga. Mkulima wa kahawa huambiwa aokote matunda yote yaliyobaki mtini na yaliyoanguka chini, kwa kuwa humo ndimo adui anamojificha. Sisi nani ametuambia habari ya gogo?

Hapo ndipo kazi yangu ya isimu inaponilazimisha kusema. Lugha yetu imemtazama mnazi kwa makini ya ajabu: upunga, kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Kila umri una jina, kwa sababu kila umri una kazi na bei yake. Lakini yuko mdudu mwingine, jamii ya kunguni wa mimea, ambaye hufyonza vidaka vikapukutika kabla ya kufika udafu. Vitabuni anaitwa Pseudotheraptus wayi. Mimi ninayelipwa mshahara kwa kuyafuata maneno sijalisikia jina lake la Kiswahili likitamkwa katika baraza yoyote ya Mjambere. Nilipomwuliza mzee mmoja jirani yangu sababu ya vidaka vyake kutapakaa chini, alinijibu, “Mwanangu, hilo ni jicho la watu.” Simcheki. Asiyepewa jina la mwizi atamshuku mpita njia.

La kusikitisha zaidi ni kwamba dawa ya mdudu huyo tunayo, nayo tuna jina lake: majimoto, wale chungu wekundu washonao majani kwa nyuzi za hariri zitokazo kwa mabuu yao, na ambao wakikuuma huulizi kwa nini wameitwa hivyo. Mwaka wa 1953 mtaalamu Mwingereza, M. J. Way, ambaye ndiye aliyeenziwa katika jina hilo la Kilatini, alichapisha utafiti wake wa Unguja ulioonyesha kwamba mnazi wenye majimoto huepukana na mdudu huyo. Wachina nao wamekuwa wakiwatumia chungu wa jamii hiyohiyo kulinda michungwa yao tangu karne ya 4. Sisi tunawachoma moto kwa kuwa wanamsumbua mkwezi, au tunawapulizia sumu ya dukani, na sumu hiyo humwua mlinzi pamoja na mwizi.

Nimewahi kupewa kijikaratasi cha ushauri kuhusu minazi, kutoka ofisi ambayo sitaitaja. Kilikuwa na kurasa nne za Kiingereza, picha nzuri, na si neno “chonga” wala “majimoto” mahali popote. Aliyekiandika bila shaka alikuwa na elimu. Alimwandikia mwalimu wake, hakumwandikia mkulima. Na Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi!

Kituo cha utafiti wa kilimo kiko Mtwapa, mwendo mfupi wa matatu kutoka hapa, na tangu 2013 huduma za kilimo ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Naziomba pande hizi mbili zikae na wakwezi, wagema na wazee wa mashamba, zikusanye majina yaliyopo kuanzia Vanga hadi Lamu, na pale yanapokosekana zikubaliane na wenyewe juu ya jina jipya. Kisha ziandike ukurasa mmoja tu wa Kiswahili: gogo lipasuliwe na lichomwe au lifukiwe, chonga atolewe kwa waya wenye ndoana, majimoto waachwe mtini. Ukurasa huo ubandikwe msikitini, kanisani na kwenye duka la dawa za kilimo. Mkwezi anayeumwa aongezwe ujira.