Chozi Kashuka Uani

Miaka michache kabla sijastaafu, niliandika ubaoni mshororo mmoja nilioutunga mwenyewe kwa ajili ya somo la mizani: "Chozi kashuka uani, mgomba una maua." Nilikusudia wanafunzi wahesabu mizani 16, yaani 8 kwa kila kipande, kisha waukamilishe ubeti. Msichana mmoja hodari, wa dawati la mbele, akanyosha mkono. "Samahani Mwalimu, hapo umekosea upatanisho. Ni chozi limeshuka." Darasa zima likamuunga mkono. Nikawauliza ni nani, kwa maoni yao, aliyelia uani. Nikapata majibu mengi na mazuri: mjane, yatima, mke aliyeachwa. Hakuna aliyesema kwamba chozi ni ndege.

Kisarufi binti yule alikuwa na haki yake. Kiambishi kile ndicho kilichopaswa kumfungua macho, kwa kuwa tone la machozi halipatanishwi kama kiumbe chenye uhai. Lakini kiambishi hakiwezi kumfungua macho mtu asiye na pa kuyaelekeza. Kilichoniuma ni kwamba nje ya dirisha la darasa lile palikuwa na migomba, na chozi walikuwa wakiijia kila asubuhi wakati wanafunzi wamepanga mstari: mdomo mrefu uliopinda, dume mwenye manyoya yanayometa akigeuka juani, jike wa rangi ya majani makavu. Walionekana na watu zaidi ya mia tano, na kwa wote hao walikuwa "ndege".

Wapenzi wa lugha tumezoea kulilia msamiati unaopotea kana kwamba umeibwa na Kiingereza. Kwa majina ya ndege mashtaka hayo hayasimami. Neno shore halikufukuzwa na neno lolote la kigeni, wala kuzumburu, wala pugi. Kamusi zinayo majina haya, ila mara nyingi fasili yenyewe ni "aina ya ndege mdogo", na msomaji hutoka alivyoingia. Nimefikia kuamini kwamba majina haya hayataokolewa darasani wala kamusini. Yataokolewa uani, kwa kumwita ndege aje karibu, akae, aonekane, aitwe kwa jina lake mbele ya mtoto.

Hapa lazima nikiri jambo ambalo wazee wenzangu hupenda kulificha. Sisi tuliyajua majina kwa sababu tuliwaua wenyewe. Kizazi changu kilijifunza ndege kwa manati na kwa ulimbo uliopakwa kwenye kijiti. Tetere tulimjua kwa ladha ya nyama yake na chiriku kwa kumtia tunduni. Kwa hiyo nikisikia mzee akiwalaumu vijana kwamba hawajui kitu, humwuliza kama angependa warudi kwenye manati. Sipendi warudi huko. Lakini ujuzi wa mwindaji ukiondoka, sharti mwingine ukae mahali pake, na sioni mwingine ila ujuzi wa mtazamaji.

Kumwita ndege nyumbani hakuhitaji fedha. Kwanza ni maji. Nimeweka mkungu wa udongo, ule wa kufunikia chungu, juu ya kigingi kirefu kuliko paka anavyoweza kuruka. Kina chake hakizidi pingili mbili za kidole, na katikati nimeweka jiwe ili ndege mdogo apate pa kusimama. Maji hubadilishwa kila siku. Hili si suala la usafi tu: mbu waenezao homa ya dengi huzaliana katika maji safi yaliyotuama, na sitaki shore wangu wanunuliwe kwa homa ya majirani. Wakati wa kiangazi, kabla ya vuli, mkungu ule huwa na foleni.

Pili ni chakula, na hapa natofautiana na wengi. Wapo waliosoma kwamba ndege hulishwa kwa nafaka iliyotundikwa kwenye kibao, nao huanza kumwaga wali na makombo ya ugali uani. Desturi hiyo ina maana yake Uingereza, ambako baridi huwafungia ndege riziki kwa miezi kadhaa. Pwani hatuna msimu huo. Ukimwaga makombo hapa, umemwalika mgeni mmoja tu, naye hatamwachia mwingine nafasi: kunguru.

Tuzungumze kidogo juu yake. Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, chini ya utawala wa Waingereza, ili asaidie kusafisha taka za mji. Mwaka 1947 alikwisha kuonekana Mombasa. Leo ndiye mwenye miji ya pwani. Hula mayai, hula makinda, na kunguru wetu wa asili, yule mwenye kifua cheupe, amesukumwa nje ya miji hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mamlaka ya wanyamapori ya Kenya ilitangaza azma ya kuwapunguza kwa kunguru 1,000,000. Mimi si mtu wa sumu wala wa mitego, lakini natambua jambo moja la lugha: mtoto wa mjini akiambiwa ataje ndege wa porini, humtaja kunguru kwanza, na mara nyingi huishia hapo. Msamiati wake ni picha ya kweli ya anga lake. Mwenye kuacha jalala wazi nyuma ya nyumba anayafuta maneno pia.

Basi badala ya kumwaga chakula, panda chakula. Mgomba ukitoa ua, chozi atakuja bila mwaliko. Mpapai nao hulipa, iwapo utakubali kuliacha papai moja liivie mtini. Shore mwenye kichwa cheusi atalitoboa, na kuzumburu watafuata kundi zima, wakining'inia na mikia yao mirefu kama vibuyu vilivyotundikwa. (Mke wangu anahesabu mapapai hayo, na anasema deni langu limekwisha kuwa kubwa.) Acha pia pembe moja ya ua bila kufyekwa, nyasi zitoe mbegu. Jirani atasema umekuwa mvivu. Mwache aseme, chiriku hawajui umbea huo.

Kuhusu makao nina machache ya kusema, kwa kuwa ndege wengi hujijengea wenyewe tukiwaachia vifaa. Mwenye mnazi karibu anaweza kumtazama mnana akichana kuti uzi kwa uzi. Dume husuka kiota chenye mlango kuelekea chini, kisha hujitundika hapo akipigapiga mbawa na kupiga kelele hadi jike aje kukagua. Jike asiporidhika, dume hukibomoa kiota na kuanza upya. Mshairi anayelalamika kwamba hana la kuandika juu ya ndoa na aende akakae chini ya mnazi huo kwa asubuhi tatu.

Mti mkavu nao usikatwe kwa haraka, kama hauhatarishi nyumba. Kigogota anautaka. Jina lake limetoka katika kitenzi gogota, na mtoto akimsikia mara moja hahitaji fasili ya kamusi. Vilevile dudumizi: akilia kichakani kabla ya mvua, sauti yake ni ya maji yanayomiminwa kutoka kibuyu chenye shingo nyembamba. Nimewasikilizisha wajukuu, na hakuna aliyesahau.

Kuna ndege mmoja ambaye lugha yenyewe imemdhulumu. Kiswahili cha zamani hutumia neno ndege kwa maana ya dalili pia: ndege njema, ndege mbaya. Bundi alitwishwa ubaya wote wa maana hiyo, na hadi leo akitua juu ya paa hupigwa mawe, kwa imani kwamba amekuja kutangaza kifo. Mtaani kwetu aliuawa mmoja na vijana watatu, wakishangiliwa na watu wazima. Baada ya hapo walioshangilia walikuja kuniuliza dawa gani inafaa kwa panya. Bundi alikuwa akiwala panya hao kila usiku bila malipo. Sisemi tuzifute semi za wazee, bali mwalimu anayefundisha bundi kama ishara ya mauti katika shairi awaambie wanafunzi, katika kipindi hicho hicho, ndege huyo anakula nini.

Kwa anayetaka kuanza, nashauri daftari na nusu saa baada ya kupambazuka. Andika ulichokiona: mdomo, mkia, rangi, mlio, mti alioutua. Kisha mwulize mtu mzima jina, na usishangae ukipewa majina mawili. Mzee wa Pemba na mzee wa Mtang'ata watabishana mbele yako, nawe uandike yote mawili pamoja na mahali yalikotoka. Mabishano hayo ni mali. Nami nawaomba washairi wenzangu waache kutuandikia kwamba "ndege waimba mitini". Ndege gani, na mti gani? Tetere na tiva hawaimbi mamoja, na mzani mmoja unaopungua unaweza kupatikana kwa kumtaja anayehusika.

Mwezi huu jike wa chozi amejenga kwenye kamba yetu ya kuanikia nguo, hatua nne kutoka barazani. Kiota ni kifuko cha nyasi na utando wa buibui, kina mlango ubavuni, na kichwa chake huchungulia hapo saa za jua kali. Wajukuu wamekatazwa kukigusa, nao wamewakataza watoto wa jirani. Ni wiki ya pili sasa tunaanika nguo juu ya ua wa makuti.