Aliyeshika Funguo Ndiye wa Kujibu

Mfungwa akifa jela, maneno ya kwanza kutoka kwa wakubwa huwa kwamba aliugua. Yakishindwa hayo, huja ya pili: ni kweli alipigwa, lakini haijulikani ni nani aliyempiga. Basi faili hufungwa, maiti huzikwa, na bwana jela huhamishiwa kituo kingine. Sisi hatukubali faili zifungwe namna hiyo, na sababu yetu ni Hola.

Wazee wetu wanaikumbuka, na vijana inawapasa kuijua. Tarehe 3 Machi, 1959, katika kambi ya Hola, kando ya Mto Tana nchini Kenya, watu 85 waliowekwa kizuizini kwa ajili ya Mau Mau walitolewa kwenda kuchimba mfereji wa kumwagilia mashamba. Walikuwa wamekataa kazi hiyo, wakisema wao si wafungwa, maana hakuna mahakama iliyowahukumu. Askari wakawapiga kwa marungu. Watu 11 wakafa. Siku ya pili yake Serikali ya Kikoloni ikatangaza ya kuwa waliokufa walikuwa wamekunywa maji ya gari la maji. Maji! Madaktari walipozipasua maiti walikuta majeraha ya kipigo, na hakimu Goudie aliyechunguza vifo hivyo akasema waziwazi kwamba watu wale hawakuuawa na maji bali na kipigo.

Je, nani alishtakiwa? Hakuna hata mmoja. Hoja ilikuwa kwamba haiwezekani kuthibitisha rungu lipi lilitoka mkono upi. Mkuu wa kambi alistaafishwa, na kiinua mgongo chake hakikuguswa. Bwana Cowan, ofisa wa magereza aliyeutunga mpango wa kuwalazimisha watu wale kufanya kazi, alipewa nishani ya Malkia mwezi wa Juni mwaka ule ule, wajane wakiwa bado katika matanga.

Hapo ndipo twataka msomaji asimame kidogo afikiri. Hoja ya rungu lisilojulikana ni hoja ya mahali pengine. Watu wakipigana kilabuni usiku na mmoja akafa, ni haki hakimu kuuliza ni nani aliyepiga, maana kila mmoja aliingia kwa miguu yake na angeweza kutoka kwa miguu yake. Mtu wa kizuizini hawezi kutoka. Hawezi kukimbia, hawezi kuita jirani, hawezi kufunga mlango. Ulinzi wake wote umewekwa katika mkono wa mwenye funguo. Kwa hiyo swali la kwanza la jela ni nani aliyekuwa na watu hawa katika ulinzi wake, na alifanya nini walipokuwa wakipigwa. Swali la nani alipiga hufuata baadaye.

Wala hilo si jambo tulilolibuni sisi. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, waliyoitunga wakoloni wenyewe mwaka 1930, inasema kwamba mwenye kumtunza mtu asiyeweza kujiondoa katika utunzaji huo, kwa sababu ya ugonjwa, au wazimu, au kufungwa, ana wajibu wa kumpatia mahitaji ya uhai wake. Kanuni hiyo hiyo inasema kwamba kuua si lazima kuwe kwa mkono: mtu aliyepewa wajibu wa kulinda uhai akaupuuza kwa uzembe mkubwa, na mwenziwe akafa, naye ameua. Sheria ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuwapeleka wakubwa mbele yake.

Na wakubwa walijua. Kabla ya siku ile Kamishina wa Magereza alimwandikia Waziri ya kuwa mpango huo utahitaji nguvu, na katika nguvu hiyo mtu aweza kuumia au hata kufa. Waziri akasoma, na mpango ukakubaliwa. Kisha mkuu wa kambi, badala ya kuwatoa watu kwa vikundi vidogo kama mpango ulivyotaka, aliwatoa wote pamoja. Bwana Enoch Powell, ambaye hatujasikia akiitwa rafiki wa Mwafrika, alisema katika Bunge la Uingereza, katika mjadala wa tarehe 27 Julai, 1959, kwamba lawama haiwezi kukomea kwa maofisa wa chini. Katika hilo alisema kweli.

Twasema hivi pia kwa ajili ya askari wa kawaida. Walioshika marungu Hola walikuwa Waafrika wenzetu, wenye mshahara mdogo na amri juu ya vichwa vyao. Hatuwasamehi. Lakini jela inayomtia pingu askari wa zamu na kumwacha aliyepanga zamu haijajifunza kitu.

Mwaka 2013 Serikali ya Uingereza ilisema inasikitika, ikalipa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa Wakenya 5,228 walioteswa, huku ikikataa kwamba sheria inaidai. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni za Mandela, zinazomtaka mkuu wa gereza kutoa taarifa ya kila kifo kwa mamlaka isiyo chini ya magereza. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo inamwachia mfungwa haki zake, isipokuwa zile zisizopatana na kufungwa kwake. Bendera zimebadilika, lakini kitabu cha zamu bado kinakaa katika meza ya bwana jela.

Basi wanachama walio Bungeni na katika mabaraza wadai jambo moja: mfungwa akifa, kitabu cha zamu na kitabu cha amri vipelekwe kwa hakimu siku ile ile, kabla wino mpya haujaongezwa, na jina la kwanza kuitwa mahakamani liwe la mkuu wa gereza.