Chuo kinapowaomba wahitimu mchango: tuulize nini kwanza?

Tuchukue mfano wa kijana aliyemaliza Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, akapata kazi ya ualimu huko Kondoa. Nyumbani wote wanamtazama yeye. Mdogo wake anaingia kidato cha tano, paa la bibi linavuja, na kadi ya mchango wa harusi imeshafika. Halafu simu yake inapokea ujumbe mwingine: chuo alichosoma kinaomba naye achangie.

Je, achangie? Msikilizaji, jibu si jepesi. Linahitaji kwanza tujue vyuo vinapata wapi fedha.

Fedha za chuo zinatoka wapi?

Chuo cha umma kama UDOM kinategemea ruzuku ya serikali na ada, na sehemu kubwa ya ada hulipwa kwa mikopo ya Bodi ya Mikopo. Majengo yake mengi yalijengwa kwa fedha za mifuko ya hifadhi ya jamii, yaani akiba za wafanyakazi, na deni hilo limewahi kutajwa katika ripoti za CAG. Kwa upande wa Chuo Kikuu cha St. John's, kinachomilikiwa na Kanisa Anglikana hapa Dodoma mjini, ada ina uzito zaidi. Wanafunzi wakipungua, chuo kinayumba.

Ndiyo maana vyuo vingi sasa vinawageukia wahitimu. Nje ya nchi jambo hili ni la zamani. Chuo cha Harvard, Marekani, kina mfuko wa zaidi ya dola bilioni 50, uliojengwa kwa michango na uwekezaji. Lakini Harvard ilianza mwaka 1636. UDOM ilianza 2007.

Wahitimu wetu bado vijana

Waliosoma shahada ya miaka mitatu katika kundi la kwanza la UDOM walimaliza 2010. Wengi wao hawajafika miaka 45. Ndio kwanza wanajenga na kusomesha. Tena, aliyesoma kwa mkopo na kuajiriwa rasmi anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tuseme mshahara huo ni shilingi 700,000: makato ya mkopo peke yake ni 105,000 kila mwezi. Mwaka 2021 serikali ilifuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, na hilo liliwapa nafuu. Hata hivyo makato yapo.

Kwa hiyo mhitimu anayesita si lazima awe mchoyo. Yeye anaona tayari anakilipia chuo. Hapo anachanganya mambo mawili: fedha anazokatwa zinakwenda Bodi ya Mikopo ili wengine wakopeshwe, haziendi kukarabati bweni lake la zamani. Chuo kinachoomba mchango kinapaswa kumweleza tofauti hiyo mapema.

Jina la chuo halijengwi na bango

Mtu huchangia mahali anapojivunia. Mwezi Mei 2016, wanafunzi 7,802 wa stashahada maalumu ya ualimu waliamriwa kuondoka UDOM baada ya wahadhiri kugoma kufundisha wakidai malipo. Baadaye wengi walipangiwa vyuo vingine vya ualimu. Lakini wazazi waliowaona watoto wakirudi na mabegi hawakusahau. Tukio kama hilo halifutwi kwa tangazo.

Jina jema nalo hujengwa kwa matendo. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyo eneo la chuo, ilianza kupandikiza figo mwaka 2018. Mgonjwa kutoka Bahi au Manyoni akipona pale, habari hufika kijijini bila kulipiwa.

Tujifunze pia kwa Makerere, Uganda, alikosoma Mwalimu Nyerere na Benjamin Mkapa, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa UDOM. Jengo lake kuu liliungua Septemba 2020. Wahitimu walichangia, ila ujenzi mpya uliwezekana hasa kwa fedha za serikali. Ikiwa chuo cha tangu 1922 hakikuweza kuegemea wahitimu peke yao, vyuo vyetu vichanga visitarajie miujiza, na serikali isitumie michango kama sababu ya kupunguza ruzuku.

Maswali manne kabla ya kutuma fedha

Mchango ni wa kitu gani mahususi? Nani anashika fedha, chuo au jumuiya ya wahitimu? Taarifa ya mapato na matumizi itatolewa lini? Na nani atanufaika?

Hesabu ndogo inaonyesha nguvu ya uaminifu. Wahitimu 1,000 wakitoa 10,000 kila mmoja, ni shilingi milioni 10. Kama ada ni milioni 1 kwa mwaka, hao ni wanafunzi kumi ambao hawatarudishwa nyumbani. Mhitimu akiwajua kwa idadi na akaona wamemaliza, mwaka unaofuata atatoa tena. Akiishia kupokea ujumbe wa shukrani tu, hatatoa.

Na asiye na fedha bado ana cha kutoa. Anaweza kumpokea mwanafunzi kwa mafunzo ya vitendo ofisini kwake, au kurudi shule ya kata aliyosoma na kueleza jinsi ya kuomba mkopo. Kwa familia nyingi za Chamwino na Kongwa, maelezo hayo yakifika kwa wakati, mtoto anakwenda chuo. Yakichelewa, anabaki nyumbani.

Kwa maoni yetu, chuo kianze kwa kuwatafuta wahitimu wake, kiwasikilize na kuwaeleza hesabu. Kuomba kuje baadaye.