Mnyama Kipenzi Kazini: Nani Aulizwe?

Katika mji wa Greensboro, jimbo la North Carolina nchini Marekani, kampuni moja iuzayo vyombo vya mezani iliwaruhusu wafanyakazi wake kuja kazini na mbwa wao. Desturi hiyo iliwavutia watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia Commonwealth, nao wakachapisha matokeo ya uchunguzi wao mwaka 2012. Walilinganisha makundi matatu: waliokuja na mbwa, waliokuwa na mbwa lakini wakawaacha nyumbani, na wasiofuga kabisa. Waliokuwa na mbwa wao miguuni walieleza kwamba wasiwasi wao ulipungua kadiri siku ilivyosonga, ilhali wenzao walieleza kuwa wao uliongezeka.

Habari hiyo ilienea upesi magazetini, na tangu hapo imekuwa hoja ya kila atakaye kumfungulia mbwa au paka mlango wa ofisi. Nusu yake ya pili husimuliwa kwa nadra. Watafiti haohao walipima mate ya wafanyakazi ili kujua kiasi cha kortisoli, homoni ambayo mwili huitoa kwa wingi wakati wa mashaka, na katika kipimo hicho makundi hayakutofautiana kwa kiasi cha kutajika. Isitoshe, waliochunguzwa hawakufikia hata mia moja, wala hawakupangwa katika makundi kwa kura. Aliyekuja na mbwa ni yule aliyependa kuja naye. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyefundishwa namna ya kufanya jaribio la haki ataiona kasoro hiyo bila kuonyeshwa.

Haina maana kwamba faraja ya mnyama ni ndoto. Mwaka 2003 wataalamu wawili wa Afrika Kusini, Odendaal na Meintjes, walionyesha kuwa mtu ampapasapo mbwa kwa upole shinikizo lake la damu hushuka, na homoni ya oksitosini huongezeka katika damu yake na ya mbwa pia. Mwenye paka anayejisugua miguuni mwake kila jioni alilijua jambo hilo kabla ya maabara. Lakini katika uchunguzi wa aina hii anayepimwa aghalabu ni mwenye mnyama, au mtu aliyekubali kwa hiari kumgusa. Jirani yake wa meza ya pili, ambaye hakuomba kuletewa paka, hupimwa na nani?

Paka hutoa protini iitwayo Fel d 1 katika mate yake na katika tezi za ngozi. Ajilambapo, mate hukauka juu ya manyoya, kisha hupeperuka yakiwa chembe ndogo mno ziwezazo kuelea hewani kwa saa nyingi na kunasa katika nguo. Nchini Sweden, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 uliwafuata watoto wa shule wenye pumu na mzio wa paka, ambao kwao hakukuwa na paka. Shule zilipofunguliwa, hali ya watoto waliosoma katika madarasa yenye wafugaji wengi wa paka ilizorota kuliko ya wengine. Hakuna paka aliyekuwa darasani. Protini ile ilisafiri katika sweta za wanafunzi wenzao! Basi ikiwa sweta yaweza kufanya hivyo, paka mwenyewe alalaye juu ya kabati la mafaili kutwa nzima atafanya nini? Hata akiondolewa, protini yake hubaki miezi kadhaa katika mazulia na viti vya kitambaa.

Mbwa naye ana mambo yake. Mwaka 2007 Marekani ilitangaza kwamba aina ya kirusi cha kichaa cha mbwa inayoenezwa na mbwa wenyewe imetoweka nchini humo. Afrika Mashariki haijafika huko. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Dalili zikishajitokeza, kupona ni nadra mno. Mbwa wa Greensboro na mbwa wa Mwanza waweza kufanana kwa rangi na kwa upole, lakini asiyechanjwa wa Mwanza haingii ofisini kwa hoja zilezile.

Tena kuna jambo lisilopimika kwa mate wala kwa damu. Kwa Waislamu wafuatao madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Karani aliyelambwa mkono dakika kumi kabla ya adhuhuri hakufanyiwa mzaha. Paka hana taabu hiyo. Yeye huishia kifuani.

Hapo ndipo penye uzito wa suala lenyewe. Mara nyingi awezaye kuja na mbwa ofisini ni mkubwa wa ofisi. Karani wa masijala mwenye pumu ataulizwa kama mbwa anamsumbua, naye atajibu, "Hapana neno, mzee," kisha atatoka barazani kukohoa. Mhudumu atakayefagia manyoya na kupangusa mikojo hataulizwa kabisa. Ridhaa ya namna hiyo si ridhaa.

Wako wanyama walio na haki ya kuwapo kazini. Mbwa amwongozaye kipofu ni macho yake, na kumzuia mlangoni ni kumzuia mtu. Paka wa ghala la nafaka ana ajira yake mwenyewe, pengine kongwe kuliko ya mtunza ghala. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, aligundua mabomu 71 ya ardhini nchini Kambodia, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA. Panya hao hufanya kazi kwa muda uliopangwa, hutunzwa na waliosomea utunzaji wao, wala hawazururi chini ya meza za watu.

Kwa mnyama aletwaye kwa ajili ya mapenzi ya mwenyewe tu, ofisi ipige kura kabla hajafika, kwa karatasi zisizo na majina. Tarishi na mhudumu wapige pia. "Hapana" moja itoshe, na asitafutwe aliyeiandika.